Ng'ombe Aliyelala Chali Mwezini

Mwanangu Ghati,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya maana, tena mara tatu: shuka usiazime, dawa umeze mpaka ziishe, simu usiweke mfuko wa nyuma, na mtu akikuita mrembo pale stendi usigeuke. Yeye ni nesi, amezoea kutoa maelekezo mgonjwa akiwa ameshavaa viatu na mkono uko mlangoni. Mimi hapo sina cha kuongeza. Nimebaki na yangu, ambayo hayakai vizuri mdomoni, ndiyo maana nimechana kurasa za katikati za daftari la josho. Ukiona vichwa vya "Mwenye ng'ombe" na "Idadi" juu ya maneno yangu, usishangae. Jaza tu kwamba ni ng'ombe mmoja, mzee, anaogeshwa kwa mara ya kwanza.

Nimekaa nje, mgongo kwenye ukuta wa jiko, taa ya sola nimeitundika kwenye msumari wa taulo. Mwezi umeshapanda juu ya paa la jirani yetu Wambura. Umejaa, na unajua kwamba mwezi ukijaa mimi sifanyi kazi yoyote kabla sijautazama, kama kijana anayepita mbele ya kioo cha duka.

Nyumba yetu ilikuwa na watu wanne na miezi minne. Bibi yako, mama yangu mzazi, aliona mwanamke aliyejitwika mzigo wa kuni, na kila mwaka alidai mzigo umeongezeka. Mama yako, ambaye serikali ilimtoa kwao Singida ikamleta zahanati yetu akiwa hajui hata salamu ya Kikurya, aliona mtu anatwanga, mchi uko juu haujashuka. Mimi niliona dume la ng'ombe. Nundu hii hapa, pembe hizi hapa, kichwa kimeinama anataka kupigana. Nilimwona tangu nikiwa mdogo nachunga, na haikunipitia akilini kwamba kuna mtu mzima anaweza kuona kitu kingine. Nilipokuwa namchumbia mama yako nilimwonyesha. Akasema haoni ng'ombe yeyote. Nikadhani labda watu wa Singida macho yao yana tatizo, nikamwoa hivyo hivyo, kwa huruma.

Wewe tulikuuliza ukiwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumemaliza kula, sote tuko uani, kila mtu anakuvuta upande wake. Bibi alikushika kidevu akakielekeza juu: "Tazama miguu yake, mjukuu wangu, imechoka ile." Mimi nikakuonyesha pembe kwa kijiti. Mama yako akakuambia usikilize mchi. Ulitazama mpaka shingo ikakuuma, halafu ukasema, "Sijui bado."

"Bado!" nikacheka. "Mwezi si mtihani, wewe. Tazama tu."

"Natazama, Baba. Ndiyo maana sijui."

Alhamisi iliyofuata niliwaambia watu wote kule josho kwamba nina mtoto asiyeona mwezi. Wakacheka sana. Nilikuwa hodari wa kuwachekesha watu kwa jina la mtu mwingine.

Wewe hukujali. Ulichukua karatasi za daftari kuukuu na kipande cha mkaa, ukaanza kuuchora. Mwezi wote ule, kila siku mbingu ilipokuwa wazi. Pembeni ya kila picha uliandika ulikuwa umesimama wapi: "jioni, natazama kwa Wambura", au "alfajiri, natazama upande wa ziwa". Mama yako alilalamika juu ya nguo nyeupe za shule zenye alama za mkaa. Mimi nililalamika juu ya karatasi. Hakuna aliyekuuliza unatafuta nini.

Kisha ikaja ile alfajiri. Ulinitikisa mguu ukasema, "Baba, amka. Ng'ombe wako amekufa."

Unajua hapa kwetu maneno ya ng'ombe hayapokelewi kwa kujinyoosha. Niliruka kitandani, nikakamata panga, nikatoka na shuka ya mama yako kiunoni, nikakimbilia zizini. Ng'ombe wote wazima, wananishangaa. Nikarudi nikitafuta fimbo ya kukuchapia. Nikakukuta umesimama nyuma ya zizi, umetulia, umenyoosha kidole kule mwezi unakotua.

"Yule pale. Amelala chali, miguu juu."

Nikatazama. Ghati, mwanangu, sitaisahau. Dume langu la tangu utotoni lilikuwa limepinduka kama lililoanguka korongoni. Nundu chini, miguu hewani. Bibi yako alitoka akiburuta kanga, akauliza, "Na mtu wangu je?"

"Kichwa chini, Bibi. Kuni zote zimemwagika."

Bibi alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Alisema angalau kesho atakuwa na sababu ya kuokota upya. Mimi nilikuwa nimekasirika kidogo, kama mtu aliyeibiwa, nikakuuliza ni nani ameugeuza mwezi.

Ulinionyesha picha zako mbili, ya jioni na ya alfajiri. Ukaichukua ya kwanza ukaigeuza juu chini, ukailaza kando ya nyenzake. Madoa yakalingana. "Hakuna aliyeugeuza," ukasema. "Jioni unautazama ukiwa umeelekea kule. Alfajiri unautazama ukiwa umeelekea huku. Aliyegeuka ni wewe, Baba."

Ningekuwa na akili, siku ile ingenitosha. Lakini nilikunja shuka vizuri nikarudi kulala, nikaendelea kuwa mjinga kwa miezi mitatu zaidi, mpaka maksai wetu Kofia alipopotea.

Mengine ya Kofia unayajua kuliko mimi, lakini nivumilie niyaandike, maana leo nataka yaandikwe sawasawa. Alikuwa mweusi, na ubavu wa kushoto alikuwa na baka jeupe lililofanana kabisa na mzee aliyevaa kofia. Pua, kidevu, ukingo wa kofia, vyote vipo. Akihema, mzee alionekana anacheka. Asubuhi moja tulikuta miiba ya zizi imesogezwa na Kofia hayupo. Tulifuata nyayo mpaka barabarani, zikapotea kwenye mchanga. Msimu wa kulima ulikuwa unaanza, na mwenzake wa nira alibaki analia zizini kama mjane.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi ya josho, nilikuwa kwenye benchi langu. Ng'ombe anatumbukia kule, anaogelea kwenye dawa, anapanda ngazi anatoka huku akichuruzika, na mimi namtaja mmoja mmoja kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Watu walikuwa wakisema Matiko akimwona ng'ombe mara moja amemwona maisha yake yote. Nami nilikuwa nikikubali. Basi katika kundi la Wambura akatoka maksai mweusi, amelowa, ubavuni ana mzee mwenye kofia.

Kalamu ilinidondoka. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Huyu ni wangu."

Wambura akasema amemnunua mnadani na kibali anacho. Akakitoa. Mimi nikajibu, "Karatasi haina ubavu." Watu wakaguna. Lilikuwa jibu zuri sana, Ghati. Mpaka leo sijawahi kutoa jibu zuri kama lile, na lilikuwa baya kuliko yote niliyowahi kutoa.

Kwa sababu fikiria ni nani aliyelisema. Angekuwa mtu mwingine, pangekuwa na ubishi. Lakini mtunza josho akisema ng'ombe ni wa fulani, ni kama nesi akisema mtoto ana homa. Na kwetu ukiitwa mwizi wa ng'ombe, jina halizikwi nawe. Wajukuu wanalikuta mlangoni linawasubiri. Wambura, ambaye tuliazimana nira, ambaye mkewe alikubeba mgongoni mama yako alipokuwa zamu, alikuwa ameshaanza kupitwa njiani bila salamu tangu jioni ile. Baraza la wanaume wa kitongoji, iritongo, likaitishwa Jumamosi.

Ijumaa jioni ulinifuata nikiwa nanoa jembe.

"Baba, Kofia ulimwona upande gani?"

"Upande wenye baka. Kushoto."

"Na kulia?"

"Kulia kuna nini?"

"Sijui yule wa Baba Wambura ana nini. Lakini Kofia wetu alikuwa na mstari mweupe begani mpaka tumboni. Kulia."

Nikakuambia hana. Ukaniambia anao. Nikakuambia nimewaogesha ng'ombe wa kitongoji hiki tangu kabla hujazaliwa. Ukasema, taratibu tu, "Lakini benchi lako liko upande mmoja, Baba."

Hapo nilikuwa nimeshakamatwa, ila nilikuwa sijui. Ni kweli benchi langu lilikuwa upande mmoja, chini ya kivuli, tangu josho lijengwe. Ng'ombe wote wa kitongoji chetu cha Nyansurura niliwajua kwa kushoto. Kulia kwao kungeweza kuandikwa matangazo nisijue. Na Kofia shambani? Mimi nilishika plau nyuma, nikaujua mkia wake vizuri sana. Aliyetangulia mbele akivuta kamba, kila asubuhi, akitembea kulia kwake, ni wewe.

Badala ya kusema hayo, nilisema, "Mambo ya ng'ombe si ya mtoto wa kike. Nenda kauangalie mwezi wako."

Nimekuandikia neno hilo kama lilivyotoka. Ulikwenda kuosha vyombo. Mama yako alinitazama kupitia dirisha la jiko kwa macho yale anayotumia anapomngoja mgonjwa agundue mwenyewe kwamba ameshikilia kipimajoto kichwa chini.

Jumamosi watu walijaa. Maksai akafungwa kwenye mti wa katikati, ubavu wa kushoto kwa watu, mzee wake anatucheka sote. Nilitoa ushahidi, nikaonyesha pua, nikaonyesha kofia, wazee wakaitikia kwa vichwa. Wambura alisema maneno yake yaleyale. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine kabla hawajatoa uamuzi. Ndipo ulipokuja na daftari langu nililolisahau nyumbani. Mtoto haruhusiwi pale, lakini mtoto anayeleta kitu huruhusiwa kwa muda wa kukileta. Uliinama ukanipa, na ukaninong'oneza: "Nimekwenda kwao alfajiri nikamwona. Kulia ni mweusi mtupu, Baba. Hana mstari."

Halafu ukaondoka. Hukugeuka nyuma.

Nilikaa na lile daftari mapajani. Nilihesabu vidole vyangu. Nikajiambia mtoto amekosea, nikajiambia kulikuwa bado giza. Kisha nikakumbuka dume langu miguu juu, na nikajua, kama mtu anavyojua amekanyaga mwiba kabla hajautazama, kwamba wewe hukosei kitu ulichokwenda kukitazama.

Nikasimama. Nikasema, "Wazee, kabla hamjaamua, naomba tumzungushe huyu ng'ombe."

Akazungushwa. Mweusi kama chungu. Mwenye zizi jirani, aliyewahi kumwazima Kofia kwetu akalimie, akapiga kelele, "Mstari uko wapi? Yule wa Matiko alikuwa na mstari!" Baraza zima likasimama. Wambura alikaa chini ghafla. Nami nilikuwa tayari kusema. Nakuapia nilikuwa tayari. Lakini mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Huyu ndiye mwanamume. Anadai ng'ombe wake na bado anaomba apimwe pande mbili!" Mwingine akapiga vigelegele, mwanamume mzima. Wambura akanyanyuka akanikumbatia, machozi yako wazi. Ningesemaje hapo? Ningesema, kwa urahisi kabisa, "Ni Ghati." Jina moja, silabi mbili. Nikasema, "Haki ni haki."

Tangu siku ile naitwa Mzee wa Pande Mbili. Watu wakigombana, wanaambiana, "Mzungushe kwanza." Nimepewa kiti cha mbele harusini. Nimeitwa kusuluhisha mipaka ya mashamba nisiyoyajua. Miaka tisa nimekula ugali wa sifa yako, na wewe umekuwa ukininawisha mikono. Kofia hakurudi. Nadhani kama angerudi angenisuta.

Benchi nililihamisha. Siku hizi nakaa pale ngazi inapoishia, wanakuja wakinitazama usoni, kisha nanyanyuka nawazunguka. Watu wakaona hiyo nayo ni hekima.

Bibi yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mitano. Sijui kama ulijua hali yangu ilivyokuwa. Mwezi wa kwanza baada ya mazishi, nilitoka uani jioni, mwezi umejaa, na sikumwona dume. Nilimwona mama yangu. Si mwanamke wake wa kuni, ni yeye mwenyewe, uso wake, na lile pengo la jino la mbele. Nikaona aibu kumwambia mama yako. Nikakuita wewe, na nilipokuita tu nikajuta, maana nilijua umeshanipindulia ng'ombe na unaweza kunipindulia mama.

Nikakuambia, "Namwona Bibi yako pale."

Ulitazama kwa muda wako ule. Kisha ukasema, "Mimi simwoni, Baba. Nionyeshe pua iko wapi."

Nikakuonyesha pua. Ukauliza jicho. Nikakuonyesha jicho. Ukauliza kama anacheka au ananuna, nikasema ananuna, kuni zimelowa. Tulikaa hapo mpaka ugali ukapoa. Hukusema unamwona. Wala hukuniambia ni mawe na vivuli, ingawa shuleni mlikuwa mmeshafundishwa. Nimewajua wachungaji wawili, walimu wengi na ofisa kilimo mmoja aliyesoma mpaka ng'ambo, na sijaona mmoja ambaye angeweza kukaa katikati pale ulipokaa wewe, asidanganye na asiumize.

Sasa unakwenda Mwanza kusomea mionzi. Mama yako amenieleza kazi yenyewe. Utapiga picha vifua na mifupa ya watu, nyeusi na nyeupe, madoa matupu, na watu watakuwa wanasubiri kwenye benchi kusikia kuna nini. Watu wa hapa wananiuliza kama sina wasiwasi. Nina wasiwasi wa basi, nina wasiwasi wa chakula cha hosteli. Wa kazi sina. Siku nitakayoletewa mimi pale, nikiwa na kifua changu cha mvuke wa dawa ya josho, naomba anayetazama picha awe mtu anayeweza kusema "sijui bado" huku mkubwa wake amesimama nyuma anataka jibu zuri. Mimi majibu mazuri ninayo mengi. Chukua ya kwako.

Sitaki kuhubiri, basi niishie hapo.

Leo mchana, kwenye maombi ya kukuaga, uliona mwenyewe. Mchungaji alimaliza kuomba, chai ikapita, akasema, "Mzee wa Pande Mbili, msimulie binti yako ile habari ya maksai kabla hajaondoka, iwe akiba yake ya safari." Wambura alikuwa amekaa pale mlangoni. Mama yako akainuka akaenda kuangalia maharage yaliyokuwa yameshaiva. Na mimi, mwanangu, nikasimulia. Nikaanza polepole, nikapata moto, nikafika barazani, nikasema jinsi mvua kubwa ilivyokuwa inanyesha nami nikasimama katikati ya mvua nikanyoosha mkono. Wakapiga makofi. Wewe ulikuwa unapita na birika. Uliniinamia kunijazia kikombe, ukasema chinichini:

"Safari hii umeongeza mvua, Baba."

Ukatabasamu, ukaenda kumjazia Mchungaji.

Hukuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea. Watu walipoondoka, jua likizama, nilivaa viatu nikaenda kwa Wambura. Nilimkuta anafunga ndama. Nikasimama pale naangalia kamba.

"Mura," akasema, kama tunavyoitana wanaume wa Kikurya, "umekuja kuazima nini?"

"Sijaja kuazima. Wambura, siku ile ya iritongo, aliyeutazama ubavu wa kulia wa ng'ombe si mimi. Ni Ghati."

Aliendelea kufunga ndama. Akakaza fundo, akalifungua, akalikaza tena.

"Matiko, wewe unadhani mimi sijui? Alfajiri ile mke wangu alitoka kukamua, akamkuta mtoto wako zizini kwetu amepiga magoti chini ya maksai na kibatari mkononi. Akamwambia, 'Wewe Ghati, baba yako amekutuma uje kuiba kabisa?' Akajibu, 'Hapana, mama. Naangalia kulia.'"

"Miaka tisa umejua? Na mchana huu umekaa mlangoni kwangu unapiga makofi?"

"Nilipigia ile mvua. Ilikuwa nzuri."

"Kwa nini hukuniumbua, mura? Ningekuumbua mimi."

"Najua ungeniumbua. Ulishajaribu." Alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Jioni ile ile ya baraza nilitaka kuja kwako na watu. Mtoto akaja yeye kwanza. Alisimama hapo ulipo. Akasema, 'Shikamoo, Baba Wambura. Naomba usimwambie mtu. Baba atasema mwenyewe.' Nikamuuliza, lini? Akasema, 'Mpe muda.' Basi nimekupa. Nimekupa, nimekupa, mpaka mvi zimeota. Mimi jina langu lilisafishwa, sikupungukiwa. Aliyepungukiwa ni yeye, na ndiye aliyekuombea."

Ghati, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilidhani umenyamaza kwa kuniogopa, na siku nyingine nilidhani umesahau. Kumbe mtoto wa miaka kumi na mmoja, niliyemfukuza kwa neno baya, alikwenda kwa mtu niliyemwita mwizi akaniwekea dhamana. Na hukuniwekea kwa siku wala kwa wiki. Uliamini tu kwamba nitafika. Nimezungukwa na watu wanaonisifu kwamba nina macho, na mwenye macho alikuwa ananijazia chai.

Nilimuuliza Wambura nifanye nini. Akasema, "Kesho alfajiri watu wale wale wanakuja kumsindikiza. Mchungaji atakuwepo, mwenyekiti atakuwepo. Useme."

"Utasimama nami?"

"Nitakaa mbele kabisa nikutazame. Nataka nione uso wako."

Basi hivyo ndivyo tulivyoachana. Kesho, kabla pikipiki haijakupeleka Mugumu kwenye basi, utaniona nimesimama uani nakohoa. Usiniletee maji. Usiseme, "Baba, tunachelewa," hata kama mnachelewa. Usije karibu na sikio langu. Nataka nitoke pale peke yangu.

Barua hii utaisoma ukiwa njiani, na wakati huo utakuwa unajua jambo ambalo mimi nikiandika hapa silijui: kama nilisema, au kama niliwatazama wale watu wanaonipenda, nikakutakia safari njema, nikakaa. Najifahamu. Mbele ya makofi mimi ni mwepesi kama kishada. Kwa hiyo sikuiacha kazi yote kwa mdomo. Ikiwa nilisema, barua hii ni yako, ichome au itunze. Ikiwa sikusema, ipige picha ukurasa kwa ukurasa umtumie Mchungaji, umwambie baba yako ametaka isomwe Jumapili baada ya matangazo, yote, na ile habari ya shuka ya mama yako nayo isirukwe. Mimi nitakuwa nimekaa pale kanisani. Sitatoka nje.

Na kwa ajili ya yeyote atakayeisoma, naandika kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu: aliyejua kwamba Wambura si mwizi ni binti yangu Ghati. Alikwenda, akatazama, akaniambia. Mimi nilirudia tu. Na siku ile jua lilikuwa kali.

Ni mimi baba yako,
Matiko